Jedwali la Diski na Ubao wa Pili wa Katonga

Vijana mnaoishika sasa kazi niliyoiacha, someni kwa makini, kwa maana sina desturi ya kusema jambo mara mbili. Ingawa, kama mtakavyoona, kisa changu chote kinahusu faida ya kuliandika jambo mara mbili.

Jina langu ni Adela. Nilikuwa mtunza seva mjini Kigoma hadi nilipostaafu, mapema kidogo kuliko wenzangu, nikiwa bado na macho ya kusomea vitabu na miguu ya kunitoa nyumbani Katubuka hadi sokoni na kunirudisha. Watu wa kazi nyingine wakistaafu huonyesha madaraja waliyojenga au wanafunzi waliowafundisha. Mimi nitawaonyesha kitu msichoweza kukiona: jedwali la diski. Msicheke. Hadi leo, nikikaa mbele ya diski tupu nikajua kwamba herufi za kwanza kuandikwa humo zitakuwa zangu, moyo hunienda mbio kama wa mtu aliyepewa shamba jipya na jembe jipya asubuhi moja.

Diski mpya ni uwanja mtupu. Kabla hujaweka chochote, unaukata uwanja huo katika vitalu: kitalu cha kuamshia mashine, kitalu cha mfumo wenyewe wa Linux, kitalu cha kumbukumbu za watu. Mipaka ya vitalu hivyo huandikwa katika jedwali, na mashine ikiamka, hilo jedwali ndilo inaloliuliza kwanza. Likifutika, kumbukumbu zako zipo palepale, hakuna hata herufi moja iliyohama, lakini hakuna ajuaye zinaanzia wapi wala zinaishia wapi. Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia la kufanya daftari lenyewe likipotea. Hilo nililijifunza kwa aibu, asubuhi moja, nikimtafuta bibi kizee kiziwi ndani ya diski niliyoiharibu kwa mkono wangu mwenyewe, mabasi mawili yakinguruma nje ya dirisha.

Lakini mnipe nafasi niwaeleze kwanza tulifikaje hapo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wa Burundi walipokuwa wakivuka kwa maboti hadi vijiji vya mwambao, kisha meli ikiwaleta bandarini Kigoma. Walipumzishwa mjini siku moja au zaidi, wakaandikwa, wakapelekwa kambini kwa mabasi: mengine yalishika njia ya Kasulu, mengine ya Kibondo. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, ukuta wake ukitazamana na kiwanja ambamo mabasi yalipakia. Kazi yetu ilikuwa moja tu: kuwaunganisha waliopotezana. Tulimpiga picha kila aliyeshuka peke yake, tukaandika ametoka wapi, anamtafuta nani, na ameelekezwa kambi gani.

Seva ya kumbukumbu hizo ilikuwa kwenye wingu, yaani katika mashine za kukodi zilizo mbali ambazo hatukupata kuziona kwa macho. Kila kambi nayo ilikuwa na mashine yake ndogo, kwa sababu mtandao wa huko ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Hatukujenga seva hizo moja moja. Tulijenga moja kwa uangalifu wote, tukaigandisha ikawa faili, tukaiita nakala mama. Na kila seva mpya, ya wingu au ya kambini, ilizaliwa kutokana nayo. Shikeni hapo. Ukikosea kwenye seva, umekosea mara moja. Ukikosea kwenye nakala mama, umelizaa kosa, na kosa hilo lina uzazi.

Sasa, jedwali la diski lina namna mbili. Ya zamani huitwa MBR, na mpya huitwa GPT. Mwenzangu wa kazi, Hamisi, mzaliwa wa Ujiji, mwepesi wa ulimi na mwepesi zaidi wa vidole, alitaka nakala mama yetu ya kwanza iwe na jedwali jipya. Mimi, mkubwa wake kwa umri na kwa cheo, nilitaka la zamani.

"Dada Adela," aliniambia, "hili jedwali lako lina viti vinne tu, kama teksi."

"Viti vinne vinawatosha watu wenye adabu."

"Na diski ikifika ukubwa wa terabaiti mbili linakuwa kipofu. Haliwezi kuhesabu zaidi ya hapo."

"Hamisi, jedwali hili limenitunza tangu siku ya kwanza ya kazi yangu."

"Hata ile meli yetu kuukuu ya ziwani imetutunza, dada. Lakini jaribu kuipandisha Kasulu."

Nilimwambia apunguze mizaha. Nilikuwa na cheo. Vijana, pimeni sana mjadala unaomalizwa na cheo. Tuliandika jedwali la zamani.

Miezi haikupita mingi. Watu walizidi kuja, picha zikazidi, diski ikajaa. Tukaomba ipanuliwe hadi terabaiti tatu, na wenye mashine wakaipanua siku hiyohiyo. Niliiwasha seva upya nikiwa nimekunja mikono kifuani kama mshindi. Ikaamka. Ikaona terabaiti mbili. Ile ya tatu ilikuwa pale, yetu kabisa, kama shamba zuri lisilo na njia ya kuliingia. Kwa siku mbili hatukuweza kuweka picha mpya. Waandishi wetu wa bandarini walizibeba katika simu zao, na simu ya mmoja wao ikatumbukia ziwani alipokuwa akimsaidia mama mmoja kushuka. Nyuso zilizokuwa ndani yake zilizama. Baadhi ya wenyewe walikuwa wameshaondoka kwa mabasi.

Nilimwita Hamisi nikamwambia, "Andika jedwali lako."

Nilingoja acheke. Hakucheka, na hiyo ndiyo adhabu niliyoikumbuka zaidi.

Jedwali jipya halikuja bila vitendawili vyake, na hapa nawapa ujuzi ambao wengine waliulipia kwa vumbi. Mashine za kambini zilikuwa za msaada, nyingi za zamani, na mashine ya zamani haijui kuamka kwa jedwali jipya mpaka uiwekee kitalu kidogo cha megabaiti moja, kisicho na faili hata moja linaloonekana, ambamo kiamshi, ile programu ya kuiamsha mashine, hujificha. Mashine za siku hizi nazo hudai kitalu chao cha kuamkia, kikubwa zaidi kidogo. Nilipoona kile cha megabaiti moja katika mpango wa Hamisi, nilikiona kama uchafu. Nikakifuta. Napenda kazi safi.

Mashine ya kwanza tuliyoipeleka kambini haikuamka. Hamisi alipanda gari asubuhi, akafika huko, akaweka kitalu kile, akarudi kesho yake akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Dada," alisema akisimama mlangoni ili nimwone vizuri, "njia yote ile kwa megabaiti moja."

"Kaoge," nikamwambia.

"Nitaoga. Nilitaka kwanza uione kazi safi."

Tangu siku hiyo nakala mama yetu ilibeba vitalu vyote viwili, cha wazee na cha vijana, na ikaamka kila mahali: kwenye wingu, kwenye mashine kuukuu, kwenye mashine mpya. Mnajua furaha ile? Faili moja, nyumba nyingi! Nilizunguka meza nikipiga makofi peke yangu, mimi ninayeheshimiwa kwa kutotabasamu. Na kitalu cha mwisho katika mpangilio tulikifanya kile kitakachokua, kwa sababu uwanja hupanuliwa kwa mwisho wake. Ukiweka kitu kingine nyuma yake umemjengea ukuta mtoto anayetambaa.

Lakini sifa kuu ya jedwali jipya si ukubwa wake. Ni hii: limeandikwa mara mbili. Moja liko mwanzoni mwa diski, na nakala yake iko mwisho kabisa. Niliyasoma hayo kitabuni nikayakubali kama mtu anavyokubali kwamba dunia ni duara, bila kuyahisi. Aliyenifanya niyahisi hajapata kugusa kompyuta maishani mwake.

Huyo ni Mama Zuhura, mwanika dagaa wa ufukweni Katonga. Yeye na wenzake walikuwa na uwanja mrefu wa kuanikia, kutoka barabarani hadi karibu na maji, uliokatwa vitalu kwa mawe na kamba. Kila mwanamke kitalu chake. Huko juu, barabarani, palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki nani ana kitalu kipi na kinaanzia jiwe gani. Huko chini, mwisho wa uwanja, ulisimama ubao wa pili, ulioandikwa hayohayo. Niliwahi kumuuliza sababu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana masikio mawili.

"Mbuzi akilamba wa juu, wimbi litalamba na wa chini siku hiyohiyo? Hata shetani hana haraka hivyo."

Asubuhi niliyokwenda kununua dagaa nikakuta ugomvi, ziwa lilikuwa limerudi nyuma, na uwanja ulikuwa umepanuliwa kufuata maji. Mvua ilikuwa imenyesha ikafuta ubao wa juu. Wanawake walikuwa wamekimbilia wa chini na hawakuuona hapo mwisho wa uwanja. Mmoja wao alikuwa akipiga kelele kwamba kitalu chake kimeliwa.

"Nani alipanua uwanja?" Mama Zuhura aliuliza.

"Sisi sote, mama."

"Mkapanua mchanga, mkauacha ubao ulipokuwa?"

Kisha mmoja akafukua kwa mguu katikati ya uwanja, chini ya mikeka na dagaa waliokwisha kukauka, akainua ubao wa pili. Ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote. Ni uwanja uliokuwa umehama. Mafuta ya dagaa na nyayo za watu zilikuwa zimefuta nusu ya majina.

"Uwanja ukirefuka," Mama Zuhura alisema, akiuchukua ubao ule na kutembea nao hadi kwenye maji, "ubao wa mwisho hutembea. Usipotembea si wa mwisho tena. Ni kuni."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa dagaa, nywele zikinisimama. Kwa maana hivyo ndivyo diski ilivyo! Ukipanua diski ya wingu, jedwali la pili haliendi peke yake hadi mwisho mpya. Linabaki palipokuwa mwisho wa jana, katikati ya uwanja wa leo, na siku moja kumbukumbu za watu zitaandikwa juu yake na kulifuta bila mtu yeyote kujua. Hamisi alikuwa amependekeza tuweke katika nakala mama amri fupi: kila seva inapoamka, itazame kama diski zake zimerefuka, na kama zimerefuka, ihamishe kwanza jedwali la pili. Nilikuwa nimeikata amri hiyo kwa kalamu nyekundu. Niliandika pembeni: mtu makini atafanya kwa mkono.

Nilipanda bajaji, jambo nisilolipenda, nikaingia ofisini nikiita kabla sijafika mlangoni.

"Hamisi! Irudishe ile amri! Ubao hutembea!"

"Ubao gani, dada?"

"Wa pili! Uwanja ukirefuka, ubao hutembea!"

Hamisi alinusa hewa. "Dada Adela, hao dagaa waache nje kwanza, halafu unieleze."

Nilimweleza. Akairudisha amri mchana huohuo, na kila seva iliyozaliwa tangu siku ile ilizaliwa ikiijua. Nikalala usingizi wa mwenye haki. Kumbe usingizi huo nilikuwa naukopa.

Sasa turudi kwenye asubuhi ya mabasi.

Alikuja mwanamke mmoja, Godeliva, wa umri kama wangu, kutoka Burundi. Alikuwa ameshuka meli siku iliyotangulia. Alisimama mbele ya meza yangu, akakataa kiti.

"Amahoro, mama," alinisalimu kwa Kirundi. "Mimi natafuta mama yangu. Yeye hasikii. Hasemi. Walimpandisha meli ya mbele, mimi nikabaki nyuma kwenye watu wengi."

"Jina lake?"

"Jina ninalo mimi. Yeye hawezi kulitoa."

Nilielewa mara moja. Orodha za majina zisingemsaidia. Bibi kiziwi aliyeshuka peke yake alikuwa ameandikwa *jina halijulikani*, na wenye maandishi hayo hawakuwa wachache. Kilichoweza kumtambulisha ni uso wake, na uso wake ulikuwa katika picha zetu. Nje, mabasi mawili yalikuwa yamewashwa. Moja lilikuwa la Kasulu na jingine la Kibondo, na yote yangeondoka saa sita. Jina la Godeliva lilikuwa katika orodha ya siku hiyo. Alipaswa kupanda, lakini msimamizi wa kiwanja alikuwa amemkubalia achague basi, mradi achague kabla ya saa sita. Kuhama kambi baadaye kulihitaji vibali, na vibali vilikuwa na mwendo wao. Bibi asiyesikia, asiyesema, angekaa miezi kadhaa miongoni mwa wageni akidhani binti yake amekufa.

"Nionyeshe picha," Godeliva alisema. "Nitamjua hata kwa kisigino."

Nikafungua. Picha hazikufunguka.

Wenye mashine za wingu walikuwa wameiwasha seva yetu upya alfajiri. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeiongezea diski mpya tupu. Diski ya picha ilijulikana kama *b*, na hiyo mpya kama *c*. Nikaona seva inalalamika, nikakata shauri kwa haraka kwamba inakwama kwa sababu *c* bado haijagawanywa. Na hapa ndipo tabia ya watu wa jedwali la zamani ilipopanda juu kama povu la pombe ya siku tatu. Sisi wa zamani tulikuwa na njia ya mkato: tulinakili megabaiti ya kwanza ya diski iliyogawanywa vizuri, tukaihifadhi katika faili, na kila tulipopata diski mpya tuliibandika mwanzoni mwake. Kwetu sisi kichwa cha diski ndicho kilichokuwa diski. Faili langu nilikuwa nalo bado. Nikalibandika kwenye *c*.

Seva ikajibu kwamba *c* ina ukubwa wa terabaiti nne.

Diski mpya ilikuwa na terabaiti moja.

Vijana, herufi za diski si majina. Ni viti, na mashine ikilala na kuamka, waliokaa huweza kubadilishana viti. Alfajiri ile *b* na *c* walikuwa wamebadilishana, ndiyo maana picha hazikufunguka. Nilikuwa nimefuta jedwali la diski ya picha.

Niliketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Godeliva alinitazama usoni, na mtu aliyepita njia aliyopita yeye hahitaji kuelezwa.

"Kimeharibika?"

Ningeweza kusema ni mtandao. Kigoma nzima ingeniamini. "Ndiyo," nikasema. "Nimekiharibu mimi."

Akavuta kile kiti alichokuwa amekikataa, akaketi. "Basi kitengeneze wewe. Mimi nipo."

Nakala ya akiba ilikuwa ya Jumapili, na meli tatu zilikuwa zimeshusha watu tangu siku hiyo. Bibi alikuwa katika mojawapo. Nikamwita Hamisi. Alikuja, akasoma kioo, hakuuliza ni nani aliyeharibu.

"Umebandika megabaiti moja tu?"

"Moja."

"Picha zinaanzia baada yake. Hazijaguswa. Limeondoka jedwali tu, dada, na jedwali la pili liko mwisho."

Nikaruka kitini kwa furaha, kisha nikakaa tena kwa kishindo, maana nilikuwa nimekumbuka. "Hamisi. Diski hii tuliipanua tena baada ya kuandika jedwali jipya, kutoka terabaiti tatu hadi nne. Na seva hii ilizaliwa kabla ya kurudisha ile amri. Haijui kuhamisha. Mimi niliandika kwamba mtu makini atafanya kwa mkono."

"Uliandika."

"Sikufanya."

Nje basi la Kasulu lilipiga honi. Hamisi alikuwa akiandika tayari, amri ya kulisoma jedwali kutokea mwisho wa diski kuja mwanzo, na mtandao wetu ukawa unaibeba herufi moja baada ya nyingine kama mzee anayepanda ngazi.

"Siku ile uliyorudi kutoka Katonga unanuka dagaa," alisema bila kuinua kichwa, "ukipiga kelele kuhusu ubao, nilikaa nikafikiri: watoto wapya tumewafunza, je, wakubwa waliokwisha kuzaliwa? Nikazizungukia seva zote za zamani. Moja moja. Kwa mkono."

"Hukuniambia."

"Ungeniuliza nani kanituma."

Ningemuuliza. Hakika ningemuuliza.

Kioo kikatulia. Kisha mistari ikashuka: kitalu, mwanzo wake, mwisho wake, jina lake. *Picha.* Vyote vilikuwa pale, vimesimama mwisho kabisa wa diski, mahali palepale ubao wa Mama Zuhura ulipogusa maji. Nilishika mabega ya Hamisi nikayatikisa hadi miwani yake ikaanguka.

"Dada, niache niandike!"

Akalirudisha jedwali mwanzoni, akaifungua diski, safari hii kwa jina lake halisi, lile refu ambalo jedwali jipya hukipa kila kitalu na ambalo halibadilishwi na kulala wala kuamka. Picha zikafunguka. Ilikuwa bado robo saa kufika saa sita.

Nikachagua wanawake wazee walioshuka peke yao, jina halijulikani, tangu Jumapili. Godeliva akasimama nyuma yangu, mkono wake kwenye mgongo wa kiti changu. Nikapitisha picha moja. Akatikisa kichwa. Nyingine. Akatikisa. Nyingine, bibi aliyefunga kitambaa cha kijani, akiitazama kamera kwa hasira kama mtu aliyeamriwa asogee na hajui kwa nini.

"Ni we!" Ule mkono ukanishika bega kwa nguvu, Kirundi kikimtoka. "Ni we! Ni mama! Ona alivyokasirika! Ni yeye!"

Akacheka, akalia, akamwiga mama yake alivyokunja mdomo, akacheka tena. Hamisi akaiokota miwani yake akaivaa, akavua akaifuta, akaivaa tena. Mimi nilisoma chini ya picha: njia ya Kibondo, na jina la kambi, na namba ya hema.

"Kibondo," nikamwambia. "Basi la pili. Nenda!"

Alifika mlangoni, akageuka. "Mimi sijui kusoma, mama. Nikisahau njiani?"

Akanyoosha kiganja. Nikachukua kalamu nikamwandikia humo jina la kambi na namba ya hema, herufi kubwa. Honi ililia. Godeliva alikitazama kiganja kile, jasho likianza kuung'arisha wino. Aliyasikia yote tuliyoyasema chumbani mle, na alikuwa ameyaelewa kuliko nilivyoyaelewa mimi kwa miaka.

Akanyoosha kiganja cha pili.

"Na huku nako," alisema.